Kaske ya dola 350 na masikio ya mutumikaji

Kwetu ku mine neno "kaske" linaita vitu viwili. Kuko kaske ngumu ya kichwa, ambayo kampani inatupatia. Na kuko kaske ya kusikilizia muziki, ambayo vijana wa Kolwezi wananunua siku hizi kwa makuta yao wenyewe. Ni hii ya pili nataka kusemea.

Mwezi uliopita kijana mumoja wa ekipe yetu aliingia nayo mu bisi. Dola 350, kulipa mara tatu, kila paye kidogo. Alifurahi sawa mutu aliyenunua pikipiki. Bibi yake hakufurahi, juu minerval ya mutoto wa sekondari ilikuwa ingali deni. Nikamuomba aniazime siku mbili nisikie mwenyewe. Jina la fabriki nalinyamazia, juu kosa si la mumoja.

Kusema kweli, mu bisi ilinipendeza. Mungurumo wa moteri ulipotea. Kaske hizi ziko na mikro vidogo vinavyosikia kelele ya inje, kisha zinatoa sauti ya kinyume, na zote mbili zinauana. Kwa kelele moja isiyobadilika, kama ya moteri ao ndege, ni kazi nzuri. Lakini muziki wenyewe? Nilichukua rumba ileile, telefone ileile, nikabadilisha na kaske yangu ya waya ya dola kumi. Tofauti iko, siwezi kudanganya: besi inapiga zaidi. Ni tofauti ya dola 340? Hapana. Nyimbo zetu zimepita WhatsApp, telefone moja hadi ingine, zimebanwa zikawa ndogo. Kilichokatwa pale, hakuna kaske itakirudisha.

Muangalie bei za wakubwa. Apple ilipotoa AirPods Max mu Desemba 2020, iliomba dola 549 kule Marekani. Inapima karibu gramu 385, batri ni ya saa 20, na haina hata butoni ya kuizima. Mwaka ule ule Sony ilitoa WH-1000XM4 kwa dola 350: gramu 254, saa 30. Na mafundi wa studio, bale banaorekodi muziki kwa kazi, bengi banatumia Sony MDR-7506 ya waya, karibu dola 100. Zaidi ya hapo, kwa maoni yangu, munalipa jina. Jina liko na bei: mu 2014 Apple ililipa dola miliare tatu kununua Beats. Na sisemi bado zile za bandia za sokoni, zenye jina kubwa na waya mbovu.

Sasa njo nifike pa kilichonishtua. Nilipomurudishia kaske yake, kijana akaniambia: "Vieux, mimi ninaivaa hata ku konkaseri, pa fasi ya bushoni. Inakata kelele."

Haikati ile kelele. Jiwe linapopasuka, nyundo inapopiga, ni sauti za gafula. Mikro haiwezi kuzifuata vizuri. Kaske ya muziki haikupimwa kwa kukinga masikio ku kazi. Tena anaongeza muziki juu yake, na kamioni ikirudi nyuma hasikii honi. Kipimo ambacho wataalamu wengi wanafuata ni hiki: desibeli 85 kwa saa 8. Kila desibeli 3 zikiongezeka, saa zinakatwa nusu. Kwa desibeli 100, inabaki dakika 15 tu, siku nzima. Sikio likikufa mule munda, hakuna dawa ya kulirudisha.

Bushoni ya povu haifiki hata dola moja. Uizungushe kwa vidole mpaka iwe nyembamba, uvute sikio juu kwa mukono ule mwingine, uiingize, uishikilie mpaka ivimbe. Wengi wetu tunaiweka pa mulango tu, kisha tunasema haifai. Na si wewe wa kuinunua. Mudai kwa delege wenu, kampani inapashwa kuitoa.

Kijana hakuuza kaske yake. Inabakia paye moja ya kulipa. Anaivaa mu bisi, na ku konkaseri ameanza kuvaa bushoni. Bibi yake alinipigia telefone kunishukuru, kisha akaniuliza kama sendika inaweza pia kumukumbusha minerval.