Safari ya Mbayuwayu

Nchi ya Uingereza ina majira ya baridi kali, ambapo miti hupukutika majani na wadudu hawaonekani tena angani. Mbayuwayu hula wadudu awakamatao akiruka. Akikaa huko wakati huo atakufa kwa njaa. Basi kila mwaka, mwezi wa Septemba, hukusanyika makundi makundi juu ya waya za simu, na baada ya siku chache hawapo. Hata ufikapo mwezi wa Aprili, miti inapochipua, hurudi. Watu wa mashamba huwangojea sana, na amwonaye wa kwanza huiandika tarehe.

Zamani watu walibishana juu ya mahali waendapo. Wengine walisadiki kwamba hujitupa ziwani na kulala chini ya tope mpaka baridi ipite, na wenye elimu walikuwamo. Gilbert White, kasisi wa Selborne, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1789, aliwaangalia ndege wa kijiji chake kwa miaka mingi na kuandika siku za kuja na kuondoka kwao. Hata hivyo alishindwa kukata shauri kama wote huondoka, au wako wanaojificha.

Pete ndogo ndiyo iliyotoa jibu. Tarehe 6 Mei 1911, huko Cheadle katika wilaya ya Staffordshire, mwanasheria John Masefield alimshika mbayuwayu aliyekuwa na kiota barazani pake. Akamtia mguuni pete nyepesi yenye namba B830 na anwani ya London, kisha akamwachilia. Tarehe 23 Desemba 1912 mbayuwayu alinaswa ndani ya nyumba ya shamba karibu na mji wa Utrecht, Natal, katika Afrika Kusini. Kutazama mguuni, kumbe, ni pete ile ile! Barua ikapelekwa London. Toka Cheadle hata Natal ni mwendo wa kilometa kama 10,000. Na kwa kuwa miezi 19 ilikuwa imepita, yaelekea tangu kutiwa pete ndege yule alikwisha kwenda na kurudi mara moja, naye alikuwa katika safari ya pili.

Mwenye kusafiri hivyo ana uzito wa gramu 20 tu. Hupita Ufaransa na Hispania, huvuka bahari, kisha jangwa la Sahara, ambako hakuna maji wala wadudu wa kutosha. Wengi hufa huko kwa njaa, kiu na dhoruba.

Mbayuwayu wasafiri, wengine wakiwa wametoka nchi nyingine za kaskazini, huonekana pia Kenya na Tanzania tangu Septemba hata Aprili. Wasichanganywe na jamaa zao wakaao Afrika mwaka mzima. Msafiri mzima ana paji na koo za rangi nyekundu iliyoiva, na chini ya koo ukanda mweusi wenye kung'aa kibuluu. Akiokotwa mmoja amekufa, mguu wake utazamwe vema kabla ya kutupwa. Ikiwapo pete, namba yake, mahali na tarehe viandikwe na kupelekwa kwa anwani iliyochorwa juu yake.