Komeo, Taa na Saa ya Kufunga

Wasichana wa mitaa ya mabanda wakidai vyoo, viongozi wengi husikia jengo. Jengo linasimama, utepe unakatwa, picha zinapigwa. Ukiwasikiliza wasichana wenyewe, madai yao ni mengine, na kwa jicho la mtu wa afya ya mazingira yana uhandisi zaidi kuliko michoro mingi ninayoonyeshwa.

Wanataka komeo upande wa ndani. Wanataka taa. Wanauliza mlango unatazama wapi, na akina nani hukaa pale nje jioni. Mwaka 2010 Amnesty International ilichapisha ripoti kuhusu wanawake wa Kibera, Mathare, Mukuru na Korogocho jijini Nairobi. Baadhi yao walitembea zaidi ya mita 300 kufika chooni. Mchana mita 300 si kitu. Usiku, kwenye vichochoro vyenye giza, hofu ya kubakwa humfanya msichana atumie mfuko wa plastiki na kuutupa nje. Ndivyo vile “vyoo vya kupaa” vilivyoipa Kibera sifa isiyoitaka. Au hujibana hadi alfajiri, na ili aweze kujibana huacha kunywa maji tangu alasiri. Mkojo ukikawia kibofuni bakteria huzaliana, na kwa kuwa mrija wa mkojo wa mwanamke ni mfupi, hawana safari ndefu ya kufika humo.

Halafu kuna hedhi. Bomba la uani halimfai anayetaka kusuuza kitambaa bila kutazamwa. Maji yawe ndani ya chumba hicho hicho, pamoja na ndoo yenye kifuniko. Pasipo ndoo, pedi hutumbukizwa shimoni, na siku gari la kunyonya uchafu linapokuja mpira wake huziba. Hapo wasichana hulaumiwa. Ndoo haiulizwi na mtu.

Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya viwango vya kuridhisha vya usafi wa mazingira. Hesabu ya mwenye nyumba, ambaye mara nyingi haishi hapo, ni nyingine: choo kinakula nafasi ya chumba ambacho kingeleta kodi kila mwezi. Kwa hiyo wapangaji wa ploti nzima hugawana mlango mmoja. WHO na UNICEF, katika takwimu zao, choo kinachotumiwa na kaya zaidi ya moja hukiweka daraja la “pungufu” hata kikiwa na vigae.

Uchafu nao lazima uende mahali. Brazil, tangu miaka ya 1980, ilionyesha kwamba mabomba membamba yaliyozikwa kina kifupi yanaweza kupita vichochoroni ambako tingatinga haliingii. Mtindo huo umefika Vingunguti, Dar es Salaam, na Mukuru pia, baada ya eneo hilo kutangazwa mwaka 2017 kuwa la mipango maalumu. Lakini bomba halichagui njia. Linahitaji ramani, na hapa wasichana wana kazi ambayo mpimaji wa ardhi haiwezi peke yake. Matembezi ya ukaguzi wa usalama yalianza Toronto mwaka 1989 kwa wanawake watu wazima. Baadaye Plan International iliyafanya na wasichana katika miji kama Delhi, Kampala na Lima: wanapita mtaani pamoja na kuandika taa iliyoungua, ukuta unaoficha watu, choo cha kulipia kinachofungwa usiku bado ukiwa mchanga.

Ramani ya aina hiyo ina msimu wake. Ikikabidhiwa tarehe 19 Novemba, Siku ya Choo Duniani, itapata makofi na fulana. Nchini Kenya makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, kwa hiyo ingefaa ifike Februari, ikiwa na bei ya balbu, bei ya komeo, na mshahara wa mlinzi wa zamu ya usiku.