Shamba la Miti la Familia katika Nyanda za Juu Kusini

Katika Ulaya na Marekani zipo familia zinazojipatia riziki kwa miti ya Krismasi, ambayo hukatwa Desemba baada ya kukuzwa kwa miaka kadhaa. Katika Wilaya ya Mufindi mkoani Iringa na Rungwe mkoani Mbeya, Desemba ndio mwezi wa kupanda, kwa kuwa mvua za Novemba huwa zimekwisha kulowesha udongo na ndugu wa mijini, wenye nguvu na fedha za vibarua, huwa wamerejea nyumbani.

Mti unaopendwa zaidi ni mpaina wenye asili ya Meksiko, *Pinus patula*, ulioenea pia katika shamba la Serikali la Sao Hill, ambako majaribio ya upandaji yalianza mwaka 1939. Udongo wa kitalu huchanganywa na ule uliochotwa chini ya mipaina iliyokomaa, kwa sababu humo mna kuvu wanaoishi kwenye mizizi na kuusaidia mche kufyonza fosforasi, na mche unaowakosa hugeuka manjano na kudumaa hata ukimwagiliwa vizuri. Ukipandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, ekari moja huchukua miche ipatayo 450. Mlingoti nao hukua haraka na huchipua tena kisikini, lakini kuupanda kando ya vinyungu, yaani bustani za mabondeni zinazolimwa kiangazi, ni kujitafutia ugomvi na majirani, maana hunywa maji mengi.

Kinachoziangusha familia nyingi ni haraka ya kukata. Ada ya shule, ugonjwa au msiba hulazimisha mipaina ya miaka 8 au 10 iuzwe, ilhali mbao zake bado ni changa, hupinda zikikauka, na mnunuzi anayelijua hilo hushusha bei. Familia yenye ekari 9 ingefanya vyema kupanda nusu ekari kila mwaka kwa miaka 18, ili kipande cha mwisho kinapopandwa, cha kwanza kiwe kimekomaa. Kati ya kipande na kipande iachwe njia ya moto, yaani ukanda uliofyekwa na kusafishwa kabla ya kiangazi kukolea, kwani mpaina ulioungua hauchipui tena.

Kwa kuwa miti huweza kuishi kuliko aliyeipanda, hati ya hakimiliki ya kimila, inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, inafaa ibebe majina ya mume na mke. Halafu kuna kuuza kwa macho, desturi inayowanufaisha zaidi wanunuzi: mfanyabiashara hulizunguka shamba, hutaja bei ya jumla, na mwenye miti hukubali bila kujua anauza kiasi gani. Kuhesabu miti na kupima unene wa shina, mita 1.3 kutoka ardhini, ni kazi ambayo vijana wa nyumbani wanaweza kuimaliza kabla mnunuzi hajaitwa.