Dawa ya Leukemia Ikikawia: Usiache Kidonge



Mu ukurasa huu tunasema mara mingi juu ya kofia, miwani na viatu vya kazi. Leo tunasema juu ya ugonjwa ambao kofia haiwezi kuuzuia: leukemia ya polepole, ile ambayo waganga wanaiita leukemia sugu ya miloidi. Hasa tunataka kusema na mugonjwa ambaye anakunywa dawa tangu miezi mitatu ao sita, na munganga amemuambia: «Dawa inafanya kazi, lakini inakawia.» Neno lile linaogopesha. Mutu anarudi nalo nyumbani, usiku halali, na bibi yake pia halali.

Kwanza tujue ugonjwa wenyewe. Damu inatengenezwa ndani ya mifupa, mu kitu laini kinachoitwa uboho. Kwa mugonjwa huyu, chembe moja ya uboho imeharibika: kromosomu ya 9 na ya 22 zimebadilishana vipande. Alama ya jambo lile ilionwa mwaka wa 1960 na watafiti wawili wa Marekani, Peter Nowell na David Hungerford, katika muji wa Philadelphia. Ndiyo sababu inaitwa kromosomu ya Philadelphia. Mwaka wa 1973, Janet Rowley wa Chicago akaonyesha namna vipande vile vilibadilishana. Tangu hapo chembe inapokea amri moja tu: zaa, zaa, bila kusimama. Damu inajaa chembe nyeupe, mutu anakonda, anatoka jasho usiku, na bandama inavimba upande wa kushoto chini ya mbavu. Kwetu, bandama ikivimba, kila mutu anasema ni malaria, na miezi mingi inaweza kupita mbele damu ipimwe vizuri.

Ugonjwa huu hauambukize. Haukutoka mu sahani muliyokula pamoja, na jirani hakuutuma. Mionzi mikali inaweza kuuleta. Ilionekana kwa watu waliookoka mabomu ya Hiroshima na Nagasaki ya mwaka wa 1945. Lakini kwa wagonjwa walio wengi, munganga haone sababu ya kuonyesha kwa kidole. Basi usipoteze nguvu yako kwa kumutafuta mwenye kosa.

Zamani ugonjwa huu ulikuwa unaua watu wengi katika miaka michache. Mwaka wa 2001 dawa ya imatinibu ilikubaliwa Marekani, na mwaka wa 2015 Shirika la Afya Ulimwenguni liliiandika mu orodha ya dawa za lazima. Ni kidonge cha kumeza, kwa kawaida miligramu 400 kila siku. Haiue kila kitu ovyo. Inaziba mahali ambapo ile amri mubaya inatoka. Leo mugonjwa ambaye dawa imemukubali vizuri anaweza kuishi karibu miaka sawa na mwenzake asiye na ugonjwa.

Sasa, juu ya nini inakawia? Watu wa mugodi watafahamu upesi. Mwaka wa 2011, pompi za mugodi wa Kipushi zilikufa na maji yakajaa chini. Pompi zilipowekwa tena, maji hayakutoka kwa siku moja. Yalishuka kidogo-kidogo, mwezi kwa mwezi. Damu yako ni vilevile. Chembe nyeupe za damu zinarudi chini haraka, mara mingi katika majuma machache, na bandama inapunguka. Mutu anajisikia muzima. Lakini chini kabisa, mu uboho, chembe zilizoharibika zingali nyingi, na zile ndizo zinazoondoka polepole. Na pompi ikizimwa, maji yanapanda tena, hata kama ulikuwa umefika mbali.

Kwa kujua maji yamefika wapi, munganga anafanya kipimo kinachoitwa BCR-ABL. Kinatoa namba kwa mia. Mwanzo inahesabiwa kama 100. Namba ya 10 ni kusema imebaki sehemu moja ya kumi. Namba ya 1, sehemu moja ya mia. Namba ya 0,1, sehemu moja ya elfu. Waganga wanapenda kuona namba isiyopita 10 kwa mwezi wa tatu, isiyopita 1 kwa mwezi wa sita, na isiyopita 0,1 kwa mwezi wa kumi na mbili.

Umefika mwezi wa tatu na karatasi inasema 18? Haiko hukumu. Ni alama ya kuangalia, kama taa ya rangi ya machungwa. Munganga atapima tena katika mwezi mumoja mpaka mitatu, maana kipimo kimoja hakitoshe. Anaangalia pia namna namba inashuka. Mwaka wa 2014 waganga wa Australia walionyesha kama, kati ya wale waliokuwa bado juu ya 10 kwa mwezi wa tatu, wale ambao namba yao ilikatika nusu katika siku zisizofika 76 waliendelea vizuri kuliko wale ambao namba yao ilishuka kwa uvivu. Kwa hiyo chunga karatasi zako zote. Karatasi moja inasema kidogo. Karatasi tatu zilizopangwa kwa tarehe zinasema mengi.

Kama unaweza, pimwa siku zote mu labo moja. Labo mbili zinaweza kutoa namba mbili kwa damu ya mutu mumoja, na utaogopa bure, ao utafurahi bure. Mashini ya GeneXpert, ile ambayo hospitali mingi zinatumia kwa kupima kifua kikuu, inaweza kufanya kipimo hiki ikiwa iko na katriji yake. Uliza.

Namba ikikawia, swali la kwanza ambalo munganga atakuuliza ni hili: «Unameza kila siku?» Mujibu kweli. Hapa ndipo watu wengi wanaharibu, na hatuseme kwa kuwapiga fimbo. Kidonge kinatapisha, kinavimbisha macho asubuhi, kinakaza misuli ya miguu, kinaharisha. Mutu anaruka siku moja kwa kupumuzika, kiisha siku mbili. Ao anagawanya kidonge kwa kuwa franka zimeisha. Mwaka wa 2010, waganga wa London walichapisha habari za wagonjwa 87 ambao kifuniko cha chupa yao kilikuwa kinahesabu kila mara chupa inafunguliwa. Kwa wale waliomeza zaidi ya 90 kwa mia ya vidonge vyao, karibu 94 kati ya 100 walifika kwa ile namba ya 0,1 katika miaka sita. Kwa wale waliomeza 90 ao chini, karibu 28 tu. Fanya hesabu: 90 kwa mia ni kuacha siku tatu tu katika mwezi mumoja.

Kwa hiyo meza pamoja na chakula na gilasi kubwa ya maji; tumbo litasumbuka kidogo. Wewe unayebadilisha posti, leo asubuhi, juma lijalo usiku, usifuate saa ya kazi. Chagua chakula kimoja ambacho unakula siku zote nyumbani, kidonge kifuate chakula kile. Ukisahau, meza unapokumbuka. Lakini kama saa ya kidonge cha kesho imekaribia, acha kile cha jana. Usimeze viwili pamoja. Na kama kidonge kinakutesa, semea munganga, kwa kuwa iko na njia za kupunguza mateso yale. Siku nyingine yeye mwenyewe anaweza kukusimamisha kidogo kwa sababu damu imeshuka sana. Ile ni amri yake, na atakuambia siku ya kuanza tena.

Swali la pili: unakunywa dawa gani nyingine? Sisi watu wa mugodi tunajua kifua kikuu. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, inapunguza imatinibu mu damu karibu robo tatu. Mutu anameza vizuri kila siku, na dawa haifike. Dawa fulani za kifafa zinafanya vilevile. Usiache dawa ya kifua kikuu kwa akili yako; waambie waganga wote wawili, wapange. Mizizi na majani pia yataje bila haya.

Ikiwa umemeza vizuri na namba inabaki juu ya 10 kwa mwezi wa sita, ao juu ya 1 kwa mwaka, hapo munganga atafikiri kubadilisha dawa. Kubadilisha si kufa. Iko dasatinibu, nilotinibu, bosutinibu, ponatinibu. Kila moja iko na mashariti yake, na nyingine ni ngumu kupata na bei yake ni kali. Mbele ya kuchagua, inafaa kutafuta kama chembe imebadilika tena, kwa sababu badiliko moja linaloitwa T315I linashinda dawa karibu zote isipokuwa chache, kama vile ponatinibu.

Mama wa nyumbani, bwana wako akisema «Dawa hii haina kazi, nipeleke kwa muombezi,» usimugombeze. Aende kuombewa kama anapenda, lakini kidonge akimeze mbele ya kutoka nyumbani. Na ikiwa mugonjwa ni wewe, jua kama dawa hii inaweza kuumiza mutoto mu tumbo: sema na munganga mbele ya kutafuta mimba.

Homa, maumivu makali upande wa kushoto, damu inayotoka bila sababu, ao kuhema kwa shida: usingojee siku ya kipimo, enda hospitali siku ileile. Mufanyakazi anayesikia kizunguzungu amuambie kapita mbele ya kushuka chini. Na siku ya kipimo, beba chupa ya vidonge pamoja na vile vilivyobaki ndani. Munganga atavihesabu mbele yako.