Kuwapima Mashahidi: Uhakiki wa Matini na Habari za Intaneti

Utangulizi

Mchungaji aandaaye mahubiri siku hizi huweza kupata katika intaneti, kwa dakika chache, habari ambazo zamani zilihitaji maktaba nzima. Hili ni jambo la kushukuru, hasa kwa watumishi walio katika sharika zilizo mbali na vyuo. Hata hivyo, habari hizo hazitufikii zikiwa zimepepetwa. Tutajuaje ipi inastahili kupandishwa mimbarani? Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya jibu imo katika somo ambalo wanafunzi wa theolojia hulisoma, yaani uhakiki wa matini ya Agano Jipya.

1. Wingi si ushahidi

Uhakiki wa matini hufundisha kwamba hati hupimwa, hazihesabiwi tu. Hati hamsini zilizonakiliwa kutoka hati moja ni sawa na shahidi mmoja. Ndivyo ilivyo kwa tovuti.

Tuchukue mfano wa usemi mashuhuri kwamba Martin Luther angepanda mtufaa leo hata kama angejua kuwa dunia itakwisha kesho. Kurasa nyingi za intaneti huutaja kwa jina lake. Lakini usemi huo haujapatikana katika maandiko yake, ambayo katika toleo la Weimar, lililoanza kuchapishwa mwaka 1883, yamejaza majuzuu zaidi ya 100. Watafiti wameufuatilia hadi barua moja ya mwaka 1944, iliyosambazwa katika mazingira ya kanisa huko Hessen, Ujerumani, wakati wa vita. Luther alifariki mwaka 1546. Kimya cha karibu miaka 400 hakiwezi kuzibwa na wingi wa tovuti. Usemi wenyewe waweza kuwafariji wasikiaji, lakini faraja hiyo haitupi ruhusa ya kuutia kinywani mwa Luther.

2. Kosa lifichualo asili

Kanuni ya pili ni kwamba hati mbili zikishiriki kosa lisilo la kawaida, yaelekea zina nasaba moja. Mwezi Septemba 2012, katika mkutano wa wataalamu wa Kikopti mjini Roma, Profesa Karen King wa Chuo Kikuu cha Harvard alitangaza kipande kidogo cha karatasi ya mafunjo chenye maneno ya Kikopti ambamo Yesu anamtaja mke wake. Habari hiyo ilienea upesi duniani. Vipimo vya maabara vilivyochapishwa mwaka 2014 havikuona dalili ya kughushi, kwa kuwa mafunjo yenyewe yalikuwa ya kale kweli.

Wahakiki, kwa upande wao, waliyachunguza maneno. Waliona kwamba karibu yote yameokotwa kutoka Injili ya Tomaso. Aidha, mstari wa kwanza ulikosa herufi moja, na herufi iyo hiyo ilikuwa imeachwa kwa kosa la uchapaji katika nakala ya Injili hiyo iliyowekwa kwenye intaneti mwaka 2002. Mwandishi wa kale angewezaje kunakili kosa la mwaka 2002? Hatimaye, mwaka 2016, mwandishi wa habari Ariel Sabar alimfuatilia mmiliki wa kipande hicho na historia yake, na King mwenyewe akakubali kwamba ushahidi unaelekea kuonyesha kuwa kimeghushiwa. Maabara iliweza kupima umri wa karatasi, lakini asili ya maneno ilijulikana kwa kuyalinganisha na matini nyingine.

3. Maswali ya kuuliza

Kabla ya kuitumia habari yoyote hatuna budi kuuliza:

(a) Ni nani asemaye, na anawajibika kwa nani?
(b) Ameipata wapi? Je, anataja kitabu na ukurasa tunaoweza kuufungua?
(c) Je, mashahidi wengine wanajitegemea, au wote wamechota katika kisima kimoja?
(d) Ni nani anayepinga, na kwa hoja gani?

Maswali haya yanahusu pia majibu ya programu za akili bandia. Majibu hayo huandikwa kwa ufasaha, lakini huweza kutaja hata kitabu kisichokuwapo. Asili isipopatikana, tuiache habari hiyo, au tuseme wazi kwamba haina uthibitisho.

Hitimisho

Mwinjilisti Luka, katika aya nne za kwanza za Injili yake, anaeleza kwamba alichunguza mambo tangu mwanzo ili msomaji wake apate hakika. Nayo Amri ya Nane inakataza ushuhuda wa uongo juu ya jirani, na marehemu ambaye hawezi kujitetea ni jirani pia. Washarika wengi hawana njia ya kuhakiki tunayowaambia. Hutuamini kwa sababu ya huduma tuliyokabidhiwa. Atakayegundua kwamba tulimpotosha kuhusu mti wa Luther atakuwa na haki ya kutuuliza tuna hakika gani kuhusu kaburi tupu. Kwa hiyo kuchunguza asili ya habari ni sehemu ya maandalizi ya mahubiri, sawa na kuchunguza matini ya somo lenyewe.