Inalia Lini? Kusikiliza Magurudumu na Usukani wa Gari

Mwaka jana nilibadilisha shokomzoba mbili za mbele ambazo hazikuwa na kasoro yoyote. Gari langu, Fielder iliyozunguka sana kati ya Nakuru, Njoro na Molo, lilikuwa limeanza kuvuma. Nikifika kilomita 60 kwa saa nilisikia sauti ya chini, kama ndege inayopita mbali, na kadiri nilivyoongeza mwendo ndivyo nayo ilivyopanda. Nilimwambia fundi wa kwanza kwamba inatoka mbele kushoto. Akatikisatikisa gari, akasema shokomzoba zimekufa, tukanunua mpya. Mvumo ukabaki. Akabadilisha beringi ya mbele kushoto. Mvumo ukabaki, na pesa zikaniishia.

Fundi wa pili ni mzee aliyeanza kazi hii kabla sijazaliwa. Nilipoanza kumwonyesha kwa kidole sauti inakotoka, alinikata kauli.

"Sijakuuliza inalia wapi, kijana wangu. Inalia lini?"

Sikuwa na jibu. Akanituma nipande barabara ya Nyahururu mpaka nifike kwenye kona za Subukia, nizime redio, nifunge vioo na kusikiliza. Nilifanya hivyo. Kila kona ya kushoto mvumo ulipanda, na kila kona ya kulia ulififia hadi ukakaribia kunyamaza. Niliporudi na habari hiyo, mzee hakugusa upande wa kushoto. Alikwenda moja kwa moja kwenye gurudumu la mbele la kulia.

Siku hiyo ndiyo iliyonisukuma kuandika makala haya, kwa sababu naamini pesa nyingi zinazopotea katika gereji zetu hupotea kwa kuanza na swali lisilofaa. "Wapi" hupotosha. Bodi ya gari ni chuma kilichoungana kuanzia mbele hadi nyuma, na chuma hupitisha mtetemo kwa wepesi. Sauti iliyozaliwa kwenye gurudumu huingia kwenye bodi na kutokea pale bati lilipo jembamba au plastiki ilipolegea, pengine chini ya kiti cha abiria. Sikio linasikia mlango ilikotokea, si chumba ilikozaliwa. Lakini sauti haiwezi kuficha wakati wake. Inakuja kwa mwendo? Kwenye kona? Ukikanyaga breki? Ukiingia shimoni? Au unapozungusha usukani gari likiwa limesimama? Kila wakati una sehemu zake zinazobeba mzigo, na sehemu inayolia ni ile iliyobebeshwa mzigo wakati huo.

Chukua beringi yangu. Ukipinda kushoto, uzito wa gari hulalia magurudumu ya kulia. Beringi ya kulia ikiwa imeanza kuchubuka ndani, pale ndipo inapoonewa na kulia kwa nguvu. Ukipinda kulia inapumzika. Si kanuni ya kuapia, lakini inakupa mahali pa kuanzia. Mzee hakuikubali hata hivyo kabla ya kuhakikisha. Alipiga jeki, akaweka stendi, akashika springi ya shokomzoba kwa mkono wa kushoto na kuzungusha tairi polepole kwa mkono wa kulia. Kisha akanipa nafasi yangu. Kwenye springi ya kushoto sikuhisi kitu. Kwenye ya kulia nilihisi mkwaruzo mdogo usiokatika, kana kwamba kuna mtu anasaga mtama upande wa pili wa ukuta. Kelele iliyonisumbua kwa miezi miwili ilikuwa pale, chini ya vidole vyangu.

Kabla ya kuhukumu beringi, tazama tairi. Tairi iliyolika vibaya huvuma karibu sawasawa na beringi, na hata mafundi wazuri huchanganya. Pitisha kiganja juu ya kashata zake, kwenda na kurudi. Ukihisi laini ukienda na meno ya msumeno ukirudi, mwelekeo wa magurudumu umeharibika na unahitaji alaimenti. Mvumo wa tairi pia hubadilika ukitoka kwenye lami mpya kuingia kwenye lami ya zamani yenye kokoto kubwa, ilhali wa beringi haujali sana. Njia ya bure kabisa ni kubadilisha nafasi za tairi za mbele na za nyuma. Sauti ikihama nazo, umeokoa bei ya beringi.

Kuna watakaokuambia uweke nyutro ukiwa kwenye mwendo ili ujue kama ni injini au ni gurudumu. Kipimo chenyewe kina mantiki, kwa sababu gurudumu halijui injini inafanya nini. Lakini usithubutu kukifanya kwenye mteremko wa kutoka Mau Summit kuja Salgaa. Barabara ile imetuzikia watu wengi mno, na malori yanayoachiwa nyutro ili kuokoa mafuta yametajwa mara nyingi miongoni mwa sababu. Tafuta sehemu tambarare isiyo na magari, uinue tu mguu kwenye pedali ya mafuta. Mvumo ukiendelea vilevile huku injini ikitulia, shida iko kwenye magurudumu.

Sauti ya pili tunayoijua sana huku ni tak-tak-tak ya kona kali. Unatoka kwenye maegesho, usukani umeuzungusha mpaka mwisho, unakanyaga mafuta kidogo, na chini kunagongagonga kwa kufuata mzunguko wa gurudumu. Kwenye magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, kama Fielder, Vitz au Demio, hiyo ni sivijointi ya nje, na mara nyingi ni ya upande ulio nje ya kona. Sivijointi huwa haifi yenyewe. Kinachoanza kufa ni buti yake, ile raba yenye mikunjo inayofunika grisi. Inama nyuma ya gurudumu utazame upande wa ndani wa rimu. Ukiona grisi imerushwa ikachora duara jeusi, buti imepasuka.

Na hapa vumbi letu lina neno. Sehemu kubwa ya ardhi hii, kuanzia Menengai hadi Longonot, imetandikwa majivu ya volkeno, na vumbi lake ni laini kama unga. Safari Rally iliporejea katika mashindano ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya miaka 19, madereva wa ng'ambo walilikuta Naivasha; wao huliita feshi-feshi. Sisi tunaendesha ndani yake kila kiangazi. Likiingia kwenye buti iliyopasuka huchanganyika na grisi na kuwa uji wa kijivu unaosaga chuma. Ukiwahi buti kabla sauti haijaanza, unabadilisha raba na grisi tu. Ukingoja tak-tak-tak, unanunua jointi nzima.

Tuje kwenye mishindo ya mashimo na matuta, ambako nadhani watu wanaogopa isivyostahili na kutulia isivyostahili. Sauti nyepesi ya koto-koto unapopita taratibu kwenye marumu, ambayo hupotea ukishika kasi kwenye lami, mara nyingi ni stabilaiza linki. Ni spea ya bei nafuu, na inaweza kungoja mshahara. Mshindo mzito, mmoja, wa "duu" unapokanyaga breki au kuondoka ni dalili ya bushi za mikono ya chini. Wengi hushangaa bushi zimekufa mapema. Sheria ya Kenya huruhusu magari yaliyotumika kuingia nchini mradi yasizidi miaka 8, na wengi wetu hununua yaliyokaribia ukomo huo. Raba huzeeka kwa miaka, hata gari likikaa. Mita ikisoma kilomita 60,000, raba bado ina miaka saba.

Sauti za usukani zina daraja tofauti, kwa kuwa hapo linahusika suala la gurudumu kukutii au kutokutii. Washa injini, gari likiwa limesimama, mtu azungushe usukani kidogokidogo kushoto na kulia huku wewe umeweka kidole kwenye tairodi. Jointi iliyochoka utaihisi ikiruka kabla gurudumu halijafuata. Halafu gurudumu likiwa juu ya jeki na gari kwenye stendi, lishike juu na chini ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki kisha utikise tena. Mchezo ukitoweka, ni beringi, kwa sababu breki imefunga habu na diski pamoja. Ukibaki, tazama bolijointi. Kipimo hiki hakihitaji chombo kingine zaidi ya jeki na stendi, na naona kila mwenye gari anapaswa kukijua. Bolijointi ndiyo inayoliunganisha gurudumu na gari. Ikichomoka, gurudumu hujikunja chini ya bodi na usukani hubaki mikononi mwako bila kazi.

Mlio mwembamba wa kulalamika asubuhi ya baridi ya Molo, unapozungusha usukani hadi mwisho, si wa kutisha hivyo. Kwa gari lenye pawa stering ya mafuta, tazama kiwango cha mafuta na uache kuushikilia usukani mwishoni. Na ukitoka barabara ya kokoto ghafla ukasikia chuma kikikwaruzwa bila kukoma, usikimbilie kununua breki. Kijiwe huweza kukwama kati ya diski na bati lake la kinga. Wakati mwingine kurudi nyuma mita chache hukitoa, la sivyo fundi atalivuta bati kidogo kianguke.

Hivyo kabla ya kumpelekea fundi gari, andika kwenye karatasi mwendo, kona, breki, shimo na usukani, na mbele ya kila neno uandike inalia au hailii. Mpe kabla hajafungua nati hata moja. Ila kuna sauti tatu ambazo hazingojei karatasi. Ya kwanza ni gurudumu linalogonga na kuyumba baada ya kuzibiwa pancha: simama ukaze nati, kisha uzikaze tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Ya pili ni chuma kukwaruza chuma kila unapokanyaga breki. Ya tatu ni mshindo unaoandamana na usukani kulegea au gari kuvutwa upande. Kwa hizi mbili za mwisho usiseme utajikokota mpaka Nakuru. Egesha nje ya barabara, weka pembetatu za tahadhari, uite gari la kuvuta.