Kofia ya baiskeli: Je, ushauri wa wanamashindano wamfaa mwendeshaji wa kawaida?

WANAMASHINDANO wengi wa baiskeli wakiulizwa kuhusu usalama, hutaja kwanza kofia ngumu, yaani helmeti. Lakini je, ushauri huo unamhusu mchuuzi wa maziwa anayepeleka mitungi yake mjini alfajiri, au mwenye boda boda ya baiskeli anayembeba mteja hadi sokoni Busia? Wengi husema haumhusu, kwa vile yeye haendi mbio. Ukweli ni kwamba unamhusu sana, ingawa si kwa sababu ile wanayoitoa mabingwa.

Ifahamike kwanza kwamba wanamashindano wenyewe hawakukubali kofia hii kwa urahisi. Mnamo 1991, chama kinachosimamia mchezo huo duniani, UCI, kilipojaribu kuwalazimisha kuivaa, waligoma katika mashindano ya Paris–Nice nchini Ufaransa na chama kikalegeza kamba. Malalamiko yao yalikuwa kwamba kofia huwatia joto wakipanda milima. Julai 18, 1995, Fabio Casartelli wa Italia, aliyekuwa ameshinda dhahabu ya Olimpiki 1992, alianguka akiteremka mlima katika mashindano ya Tour de France, akafariki kwa majeraha ya kichwa. Hakuwa na kofia. Hata hivyo sheria haikubadilika. Ilibidi Andrei Kivilev wa Kazakhstan naye aanguke kichwa wazi katika Paris–Nice ya Machi 2003 na kufa, ndipo kofia ikawa lazima mwaka huo.

Hata leo mabingwa hawaimbi wimbo mmoja. Bradley Wiggins wa Uingereza, baada ya kunyakua dhahabu katika Olimpiki ya London 2012, alidokeza kwamba huenda ikafaa kuvaa kofia kuwe sheria. Mwenzake Chris Boardman, bingwa wa Olimpiki 1992, amesema mara kadhaa kwamba kofia haimo hata katika mambo kumi ya kwanza yanayomlinda mtu wa baiskeli. Msomaji atamsikiliza nani?

Tuiangalie kofia yenyewe. Ndani yake mna povu gumu, mfano wa lile jeupe linalofungiwa televisheni mpya. Kichwa kinapogonga lami, povu hilo hubonyea na kupondeka, na katika kupondeka humeza sehemu ya nguvu ya kishindo. Hivyo ubongo hausimamishwi ghafla na kujigonga dhidi ya fuvu. Sasa, jambo ambalo watu wachache hulijua ni kipimo kinachotumiwa kuijaribu. Huko Ulaya kofia huangushwa kutoka kimo cha karibu mita moja na nusu, ikafika chini kwa kasi ya kilomita 20 hivi kwa saa. Hicho ni kimo cha kichwa cha mtu aliyekaa juu ya baiskeli, na kasi hiyo haiko mbali na ya mwendo wetu wa kila siku.

Kwa maneno mengine, kofia hii imepimiwa mchuuzi wa maziwa kuliko bingwa anayeteremka mlima kwa kilomita 80 kwa saa. Watafiti wawili wa Australia, Jake Olivier na Prudence Creighton, waliunganisha tafiti 40 zilizohusu waendeshaji zaidi ya 64,000 waliojeruhiwa. Waligundua kwamba uwezekano wa jeraha baya la kichwa ulikuwa chini kwa asilimia 69 miongoni mwa waliovaa kofia.

Hata hivyo Boardman naye ana haki. Mwanamashindano hufungiwa barabara na polisi humtangulia. Hajui kubanwa na matatu iliyopita lori kwenye kona, wala kunyang'anywa ukingo wa barabara uliogeuzwa kituo cha magari na soko la nyanya. Gurudumu la lori halizuiwi na povu, na kofia haikingi kifua wala nyonga. Nchini Uholanzi wengi huendesha bila kofia na bado ni salama kuliko mataifa mengi, kwani wametengewa njia zao mbali na magari. Kumlaumu aliyegongwa kwamba hakuvaa kofia, huku barabara ikiwa haina njia yake, ni kukwepa swali.

Basi mwenye shilingi chache atengeneze breki kwanza, kisha anunue taa ya mbele na ya nyuma, maana gari lisilokuona ndilo hatari kuu. Kofia ifuate, na isichelewe. Mtoto anayejifunza kuendesha avalishwe mapema, kwa kuwa huanguka mara nyingi. Na anayebebwa nyuma asisahauliwe: akirushwa chini hana usukani wa kushika.

Kofia ya mtumba ina tatizo lake. Povu likishapondeka mara moja halirudi, na huenda ufa ukafichwa na ganda la nje. Kofia iliyowahi kugonga chini na kichwa ndani yake haifai tena, hata ikiwa inang'aa. Tafuta ndani alama ya kipimo, kama EN 1078 ya Ulaya. Ile ya pikipiki ni nzito na yenye joto kwa mtu anayekanyaga pedali.

Ivae ikiwa sawa juu ya paji la uso, ikiacha nafasi ya vidole viwili tu juu ya nyusi. Ile iliyosukumwa kisogoni huacha paji la uso wazi. Ukanda wa kidevuni ufungwe uweze kuingiza kidole kimoja au viwili.

Ukianguka na kugonga kichwa, halafu ukatapika, ukasinzia isivyo kawaida, ukachanganyikiwa, kichwa kikazidi kuuma, au majimaji yakatoka puani au masikioni, nenda hospitalini mara moja, hata kama ulikuwa umevaa kofia na haina ufa wowote. Damu huweza kuvuja polepole ndani ya fuvu kwa saa kadhaa huku mgonjwa akisema yu mzima.